Mashine ya Madamu Haifunikwi

"Funua!"

Hilo ndilo neno la kwanza Madamu alilonifokea, hata hajamaliza wiki tangu apange vyumba vya mbele nyumbani kwetu. Mama alikuwa amepita kwake kuangalia kama paa linavuja, akaikuta laptopu nyeusi iko mezani uchi, akaionea huruma. Kwetu Kibiti kitu cha heshima hakiachwi uchi. Redio ina kitambaa chake, jagi la maji lina chake, makochi yana vya mgongoni na vya mikononi, na kama mbuzi wa Idi angekubali kutulia, nadhani mama angemfumia naye. Basi akaleta kitambaa chenye maua mekundu alichokifuma mwenyewe, akaifunika ile mashine vizuri pande zote, akaondoka ameridhika. Kumbe Madamu alikuwa ameiacha ikijipigia hesabu za majaribio. Aliporudi kutoka shuleni alinikuta mlangoni kwake na ndoo ya maji, akachungulia juu ya bega langu, akaangusha mkoba.

"Funua! Fundi, funua haraka, inakufa!"

Ilishakufa. Nilipoinua kitambaa, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali. Madamu aliishika mbavuni, akavuta mkono, akapuliza vidole. Mama akaja mbio, kanga inaburuzika chini, anauliza nani kaungua. Nikasema moyoni, leo mpangaji tumemkosa. Badala yake yule mwanamke alikaa kitandani akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," alisema, "mtoto ana homa, wewe unamfunika blanketi!"

Kisha akakiomba kile kitambaa. Akakitundika ukutani, mbali na meza, na tangu siku hiyo kila aliyeingia chumbani kwake alionyeshwa kwanza kitambaa, halafu akasomewa sheria ya nyumba: mtu anafunikwa, chakula kinafunikwa, mashine haifunikwi.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alifundisha Fizikia sekondari, alitoka bara kwenye baridi, huko Njombe, na kwetu sisi alikuwa Madamu, basi. Mimi aliniita Fundi kwa sababu ya cherehani yangu iliyokaa barazani mwaka mzima. Alivaa sweta. Nasema sweta, Kibiti, mwezi wa kwanza, jua linatoboa utosi! Mtu aliyeweza kukueleza kutwa nzima namna joto linavyotoka kwenye kitu na kuingia hewani, mwenyewe alifunga vifungo vyote hadi shingoni. Nilipomuuliza, alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwalimu haingii darasani bila sweta," alisema, na kumbe huko kwao ndivyo ilivyo.

Nieleze mapema kilichonifunga na mtu huyu, maana bila hicho atabaki kichekesho. Mama alikuwa ameota uvimbe kooni. Madaktari wa Dar es Salaam walituambia bila kuzungukazunguka: akikatwa atapona, ila sauti ataiacha hukohuko. Na mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mama hakulililia koo lake. Alililia jambo moja tu.

"Mjukuu wangu atanijua kwa kunitazama kama picha?"

Marehemu baba tulimpoteza mara mbili. Kwanza alikufa yeye, kisha ikafa kaseti tuliyomrekodi akisimulia habari za ujana wake. Unyevu wa huku kwetu, mto upande huu na bahari upande ule, uliiotesha ukungu, na siku tulipoiweka kwenye redio ilikoroma kidogo halafu utepe ukakatika. Kwa hiyo mama hakutaka kusikia neno kaseti. Alimwendea Madamu, na sauti yake wakati huo ilishakuwa ya kukwaruza, chini kabisa.

"Mwalimu, hiyo mashine yako inaweza kunihifadhi?"

"Inaweza, Mama," Madamu akajibu papo hapo.

Alijibu kabla ya kufikiri. Ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu.

Alipenda mwendo. Alitembea kama anayefukuzwa, akala ugali ungali unatoa moshi, na alipokuwa akisimulia jambo aliruka katikati ya sentensi akaanza nyingine. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara imefunguliwa na Kariakoo pamemwagika kila kitu kilichochoka Ulaya: friji, matairi, makoti ya theluji, na hata kompyuta. Laptopu yake ilikuwa mmoja wa wazee hao. Wengine wangeishukuru ikiwaka tu. Yeye akaiongezea mwendo! Alituambia kwamba ndani mwake mna kitu kinaitwa prosesa, ndio ubongo wake, kinapiga mapigo kama moyo, na kiwandani wanakipangia kipige mapigo kiasi fulani. Madamu akaenda Dar, akapata programu ndogo kwa kijana mmoja wa dukani, akarudi, akakibembeleza kipige haraka zaidi.

Si kwa majivuno tu, ingawa majivuno yalikuwapo. Maabara ya shule ilikuwa na vipimajoto vilivyovunjika na mizani iliyokosa mawe. Yeye alikuwa na CD zenye majaribio ya Fizikia, lakini mashine ilizicheza kwa kukwamakwama, gari la kwenye mteremko likawa linaruka kama panzi. Baada ya kuongezewa mwendo, gari liliserereka kama maji. Kidato cha nne walijazana mbele ya kioo kile kidogo wakapiga makofi, na Madamu akainama kama bibi harusi anayetunzwa.

Mwendo, hata hivyo, una joto. Kibiti yenyewe ni joto, na mashine ile ikawa inazimika katikati ya somo. Hapo ndipo alipoanza kuipunguzia umeme, na nikaona utamu wa kazi yake, mimi niliyedhani utamu uko kwenye kushona tu.

"Sikiliza, Fundi," aliniambia, macho yanang'aa. "Kiwandani wanaipa volti nyingi kuliko inavyohitaji. Ni kama mwenye harusi anayepika wali wa ziada kwa hofu ya wageni. Ule wa ziada hauliwi. Unageuka joto."

Basi akawa anapunguza kidogo, halafu anaipa hesabu ngumu, muda wa sufuria ya maharage kuiva. Ikivuka salama, anapunguza tena kidogo. Ikiganda, picha imekwama na kipanya hakisogei, anaiwasha upya, anarudi hatua moja, anapiga kambi hapo. Kabla ya kubonyeza alifanya ishara ya msalaba. Mama, ambaye alipenda sana kukaa pale kutazama, alisema Bismillahi.

"Tukikosa kwako tutapata kwangu," mama alimwambia.

Siku joto lilipoteremka na mwendo ukabaki uleule, Madamu alitoka nje akipiga vigelegele vya kibara visivyo na mpangilio. Nilikuwa nimempima mteja kiuno, nikamwacha na futi yangu imemzunguka, nikakimbia. "Gusa! Gusa hapa! Jana ungeungua!" Nikagusa. Ilikuwa vuguvugu kama ubavu wa paka. Sikuelewa nusu ya alichokifanya, lakini nilirukaruka naye, mimba na yote, mpaka mama akatutenganisha. Maharage yaliungua siku hiyo. Yaliungua siku nyingi, kwa kweli. Mwalimu wa joto alikuwa halijui kabisa jiko.

Kutokana na kazi hiyo akapata msemo wake mkuu: "Usimpe mtu zaidi ya anachohitaji, atakurudishia joto." Aliutumia kwa mashine, kwa wanafunzi waliotaka kuvujishiwa maswali, na kwa mume wangu aliyekuwa akiongezwa mchuzi. Na huyohuyo hakuwahi kumpa mtu kiasi. Mtoto akiomba kalamu alipewa na daftari. Mama mmoja wa Dimani aliyekuja kuuliza maendeleo ya binti yake alirudi kwao amepewa sukari, nauli na kanga mpya, huku Madamu akimwambia mlangoni kwamba kudekeza watoto ni kosa. Nilimkumbusha msemo wake.

"Ule ni wa vyuma," alisema, akaingia ndani.

Alichukia neno "labda". Ukimwambia labda betri imeisha, alikwambia nenda kapime. Siku moja aligombana na mzee wa duka la kuchaji betri za gari, maana nyumbani hatukuwa na umeme na laptopu ilikula kutoka betri ya lori iliyokaa chini ya meza. Mzee alisema, "Nadhani imejaa." Madamu aliketi pale dukani kwenye mfuko wa saruji mpaka ilipojaa kwa kipimo. Na mtu huyo asiyevumilia labda ndiye aliyemwambia mama "inaweza" bila kujua kama inaweza!

Maana haikuweza. Jaribio la kwanza tulilifanya majuma machache kabla ya safari ya mama kwenda Dar kukatwa. Madamu alichomeka maikrofoni ndogo, mama akasogea, akasema, "Mjukuu wangu, mimi ni bibi yako." Tulipoirudisha kusikiliza, kilichotoka ni mvumo wa feni. Feni, feni, feni, na huko nyuma, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, mama. Madamu akaongeza sauti. Feni nayo ikaongezeka. Mama akajifunga kanga upya, akatoka nje. Nilitamani kuipiga mashine ile teke.

Tulijaribu kuitenga chumba cha pili, waya wa maikrofoni ukawa mfupi, na kijana wa dukani Dar hakuwa na mrefu. Mimi nikashauri tuifunike kwa mto wa kulalia. Nilitazamwa jicho ambalo silisahau hadi leo.

"Dawa si kuiziba mdomo," Madamu alisema. "Dawa ni isiwe na sababu ya kupiga kelele."

Ndipo akaanza kazi ya feni. Kumbe feni ya laptopu ina kanuni zake: joto likifika hapa, zunguka polepole, likifika pale, zunguka kwa nguvu. Kanuni za ile mashine ziliandikwa na mtu anayeishi penye baridi, asiyejua Kibiti. Madamu alikuwa na programu ya kuzibadilisha. Alipoanza kuichelewesha feni, ikatokea balaa jingine: ilikuwa inaanza, inapoza kidogo, inazima, joto linarudi, inaanza tena. Vuu, kimya. Vuu, kimya. Kwikwi tupu.

"Hiyo afadhali ingepiga kelele moja kwa moja," mama alisema. "Hivi inanishtua, nasahau nilipofika."

Madamu alizunguka uani na sweta lake akiongea peke yake, kisha akasimama ghafla karibu na mtungi.

"Mlango wa kuingia na mlango wa kutoka iko karibu mno!"

Alichomaanisha ni kwamba feni ilikuwa inaanza kwenye joto fulani na kuzima joto likishuka chembe tu. Akaachanisha. Akaiambia isianze mpaka joto lipande sana, lakini ikishaanza isizime mpaka mashine ipoe kwelikweli. Kwikwi ikakoma! Sasa ilikaa kimya muda mrefu, ikapumua mara moja kwa utulivu, ikanyamaza tena. Nilishangilia, naye akanishika mikono tukacheza pale uani mbele ya kuku.

Lakini muda ule wa kimya haukutosha kwa hadithi moja. Nikamwona akikaa mbele ya mashine bila kugusa kitu, na nikaelewa kabla hajasema. Ilibidi airudishe mwendo nyuma. Ule mwendo aliokuwa akijisifia kwa walimu wenzake, ule uliopigiwa makofi na kidato cha nne, na si kuurudisha pa zamani tu bali chini ya pale. Alifanya ishara ya msalaba, akabonyeza, akajiegemeza kitini kama mtu aliyeuza ng'ombe wake.

"Kusikiliza hakutaki mbio," alisema.

Akapunguza na umeme tena, maana mwenda pole anahitaji kidogo. Mwisho akaikatia mashine fito, akazifunga kwa kamba, ikawa meza ndogo yenye miguu minne na uwazi chini, ili tumbo la mashine lipate hewa. Mama alipoiona alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikulia mabondeni kwenye mpunga, ambako wakati wa mafuriko watu huhamia kwenye vibanda vya juu ya miti, maji yanapita chini.

"Umeijengea dungu!" alisema. "Haya, na ilinde mpunga wangu."

Ilibaki kuitwa dungu.

Safari ilikuwa Jumapili asubuhi. Siku ya kurekodi ikawa Jumamosi, na mtaa wetu siku hiyo sitausahau. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba kimya. Nilitegemea maswali, nikakuta watu wameshajua. Mwenye mashine ya kusaga aliizima na kuwaambia wateja wasubiri. Mzee wa duka la betri akazima jenereta yake, akatuletea betri imejaa kwa kipimo, akamwambia Madamu, "Hakuna labda." Wanawake waliwaita watoto wakawapa miwa, maana mtoto anayetafuna hapigi kelele. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Madamu aliniomba nimfungie mbuzi aliyekuwa akilia nyuma ya nyumba, akatoka nami. Tuliporudi, mama alikuwa amekaa tayari, ameoga, amevaa kanga zake za sikukuu. Akaanza. Alisema vizuri, jamani! Alimsalimu mjukuu, akamwambia habari ya dungu la babu yangu, namna alivyokuwa msichana akilinda mpunga, ndege wakishuka yeye anavuta kamba yenye makopo, usiku nguruwe wakipita majini. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila neno lilifika. Feni kimya. Nilikuwa nimeshika tumbo langu, nikiwaza, unasikia?

Mara kioo kikawa cheusi.

Madamu alilirukia lile dungu. Akaingiza mkono chini ya mashine, akautoa na kitambaa. Kipya, cheupe, chenye pindo la buluu. Mama alikuwa amekifuma kwa siri kama shukrani, na tulipokuwa kwa mbuzi aliona mashine imelazwa juu ya fito tupu, akaona haya.

"Sikuifunika," mama alisema. "Nimeitandikia tu, Mwalimu. Umesema haifunikwi. Nimeitandikia."

Ilikuwa kweli. Tulimfundisha kuhusu mgongo wa mashine, hatukumwambia kwamba inavutia hewa tumboni. Na kwetu mgeni halazwi kwenye fito. Yote aliyoyasema yalikuwa yamepotea, sauti yake imechoka, na gari linaondoka kesho. Nilitazama uso wa Madamu nikingoja ule ukali. Alikikunja kitambaa mara nne, akakibusu, akakiweka kifuani ndani ya sweta.

"Mama, kosa ni langu. Kunywa maji ya vuguvugu. Tunaanza upya."

Mashine iliwaka, lakini bado ilikuwa na joto la ile ajali, na saa sita ya Kibiti ilikuwa imeingia chumbani. Mama alianza tena, safari hii taratibu zaidi. Madamu alitazama namba ya joto pembeni mwa kioo. Ilikuwa inapanda. Ikifika pale alipoweka, feni itaanza, na sauti ya mama sasa ilikuwa hafifu kiasi kwamba pumzi moja ya feni ingeimeza. Akipandisha kile kiwango zaidi, mashine itazimika kama mwanzo. Nilimwona akitazama huku na huku. Kisha akachutama, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua kipepeo cha ukindu, kile cha kupepelea mkaa.

Akapiga magoti kando ya dungu na kuanza kuipepea mashine tumboni. Polepole, bila sauti, kipepeo hakigusi kitu. Baada ya programu zote zile na safari zote za Dar, Madamu alikuwa anaipepea kama mama wa mtoto mgonjwa. Namba ikasimama. Ikashuka moja. Akanitazama kutoka kule chini, jasho linamchuruzika ndani ya sweta, akatabasamu meno yote nje. Nilijiziba mdomo nisipige kelele. Mkono wake ulipochoka alinipa mimi, nami nikapiga magoti na tumbo langu, nikapepea, tukawa tunapokezana, na juu yetu mama anamsimulia mjukuu wake mafuriko, mpunga na ndege.

Alikuwa anakaribia kumaliza ndipo mikono yetu sote wawili ilipokufa ganzi. Feni ikaanza. Madamu alifumba macho. Mama akasimama kidogo, akaisikiliza, akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mashine imechoka, jamani. Iacheni ipumue. Na mimi nimechoka. Haya mjukuu wangu, kwaheri ya kuonana."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyonayo ya mama.

Aliporudi kutoka Dar, shingo imefungwa bandeji, Madamu alimwekea asikilize. Alikuwa amejitayarisha kukata ile sehemu ya feni, aliiita doa. Feni ilipoanza kusikika, mama alimshika mkono na kutikisa kichwa. Akaonyesha kidole kwenye mashine, kisha kifuani kwake. Iache. Basi ikabaki, ikachomwa kwenye CD nyingi, Madamu hakutoa kiasi hata hapo, na binti yangu alikua akidhani feni ni sehemu ya bibi yake. Alipocheza kibibi na wenzake, kila hadithi aliimaliza kwa kuvuma, vuuu. Mama alipiga makofi kwa kicheko kisicho na sauti. Alijaliwa kumwona mtoto huyo akivaa sare ya shule.

Madamu alihamishwa, akaenda shule nyingine, kisha nyingine, akastaafu kwao. Tulisalimiana kwa simu. Mama alipofariki hakuweza kuja, miguu ilikuwa inamsumbua, ndipo nikasema nitapanda mimi. Nilifika Njombe na machungwa na korosho, nimevaa dera, natetemeka meno. Akafungua mlango. Mikono wazi, gauni jepesi, hana sweta!

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, Fundi. Umevaa nini hicho kwenye baridi yangu?"

"Na sweta lako liko wapi?"

"La nini? Hapa ni kwetu."

Alilitoa kabatini, lilelile, akanivika, akafunga vifungo vyote hadi shingoni kama mtoto wa chekechea. Tulilia kidogo, tukacheka zaidi. Kisha akachukua laptopu yake mpya nyembamba, akaniwekea sikioni. "Sikiliza. Husikii kitu. Haina feni kabisa, siku hizi wanatengeneza hivyo!" Alisema kwa msisimko uleule, na palepale akaikasirikia: "Lakini huwezi kuibadilisha chochote. Imefungwa kama jeneza."

Ndipo nilipoiona ile ya zamani. Ilikuwa kwenye rafu, juu ya dungu lake la fito, na juu yake kile kitambaa chenye maua mekundu, kimeifunika pande zote.

"Madamu! Umeifunika."

"Ilikufa, Fundi. Zamani. Haina joto tena. Sasa naweza kumpa Mama heshima yake."

Alichomeka kisomeo cha CD kwenye laptopu mpya, akaweka CD ya mama, akaketi karibu nami. Mama akaanza kusema. Machungwa yalibaki mezani, nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani, na mama alikuwa kwenye mafuriko yake anavuta kamba yenye makopo. Laptopu mpya haikutoa hata pumzi. Nilijua mahali inapokaribia, binti yangu amenifundisha, nikajikunyata ndani ya sweta kungoja.

Feni ikaanza. Chumba kizima kikavuma, na haikuwa ya mashine yoyote iliyo hai mle ndani.

"Mashine imechoka, jamani," mama akasema. "Iacheni ipumue."

Madamu aliinuka kwa shida, akashikilia kiti, akaenda kwenye rafu, akaifunua.